Mpaka Mkeka wa Nyuma

Wazazi wamechanga elfu kumi na mbili,
noti nyingine bado zinanuka dagaa.
Nimezifunga kwenye pindo la khanga,
nikashuka Mabatini jiwe kwa jiwe
hadi Makoroboi, kwa Sospeter
auzaye vitabu vya mitumba kando ya ndala.

"Chagua, Mwalimu Mbuke. Vyote vya watoto."
Vyote vya watoto!
Kama kusema samaki wote ni sato.

Jalada silitazami, jalada huvaa nguo ya sikukuu.
Nakifungua katikati, nampa Sospeter akiinue,
narudi nyuma hatua saba, nasimama penye mkeka wa nyuma,
mahali pa Kabula, afinyaye macho akitazama ubao.
Je, atamwona huyu panya pembeni mwa ukurasa?
Hamwoni.
Rudisha.

Hiki ni theluji mwanzo hadi mwisho.
Theluji niliwahi kuwasomea. Ngollo akauliza
kama ule ni unga,
na kama ni unga, mbona hawaupiki?
Nilikosa jibu mpaka kengele ya uji.

Hiki kina samaki anayetabasamu.
Darasa langu huparua magamba kabla ya kujua kuhesabu,
litanicheka.
Na hiki, kila ukurasa una amri yake:
nawa, tii, shukuru, lala.
Wameshaambiwa lala. Wameambiwa jana, wataambiwa leo.

Kilichobaki ni chembamba, uti umeshonwa kwa uzi wa nyavu,
kiboko mkubwa amejaa kurasa mbili hata masikio yanatoka nje.
Huyu Kabula atamwona.
Sasa ulimi nao uonje.
Nasimama njiani, nasoma kwa sauti ya darasani,
sioni haya:

Kiboko kameza kengele.
Kajificha kwenye matete: ngele!
Kajificha chini ya maji: ngele, ngele!
Kajificha nyuma ya mamaye, kabana pumzi, kafumba macho,
kimya…
kimya…
ngele!

Ulimi haukujikwaa hata mara moja.
Nageuza ukurasa. Ukurasa hakuna.
Mtoto wa mtu, huko kilikotoka, alichana mwisho akaondoka nao.

"Halafu?"

Sauti imetoka juu yangu.
Mpagazi, gunia la vitunguu kichwani,
shingo imekazwa na uzito, hawezi kuinama aone picha;
kumbe muda wote alikuwa anasikiliza tu.
"Halafu ikawaje, dada? Mzigo wa watu huu."
"Halafu hakuna, kaka. Kimechanika."
Akahamisha uzito, mguu huu, mguu ule.
Jasho likamfika kidevuni, likasita, likadondoka.
"Basi alizoea," akasema.
"Mtu huzoea kinachomlia ndani."
Akapasua njia kuelekea stendi,
nami nikamsikia, kila hatua, chini ya pumzi:
ngele. Ngele. Ngele.

"Hicho kibovu," Sospeter akasema, "nipe elfu mbili."
Ningempa zote kumi na mbili, ila sikumwambia.

Usiku nikakata karatasi nyeupe,
nikaibandika pale mwisho ulipochanwa,
kwa uji wa ngano, maana gundi iliisha muhula uliopita.

Asubuhi mkeka wa nyuma umesogea mbele wenyewe.
Tumesoma. Tumejificha. Tumebana pumzi.
Misana kasema alipiga chafya, ikatoka.
Kabula kasema hapana, mama yake alimeza nyingine
ili asilie peke yake,
na hapo nikajifanya natafuta chaki.

Ngollo hakusema kitu.
Kasogea mpaka kwenye ukurasa mweupe,
kaupapasa, kaunusa pembeni penye uji,
kanitazama kama mtu aliyelipwa deni la siku nyingi:

"Mwalimu. Theluji.
Kumbe wanaipika."