Mkono wa Tatsuko

Imefika kwa posta kutoka Ohio,
ndani ya sanduku la kijani lililolika pembe,
na kibarua cha Bibi Lorna Pruett, mjane:
"Marehemu aliipenda. Mimi naifutia vumbi tu."
Yeni laki moja na ishirini elfu,
forodha mbali.
Mke wangu aliuliza bei mara moja,
kisha akanyamaza kile kimya cha kupiga hesabu.

Sponji ya ndani imeoza, imekuwa uji mweusi
ulioganda kwenye boila kama masizi ya kuigiza.
Jioni tatu nimeupangusa kwa spiriti
na pamba za masikio, pakiti mbili,
hadi shaba ikakumbuka umanjano wake.
Injini ya mvuke isiyojua mvuke,
imepunguzwa mara themanini na saba,
magurudumu manane ya kuvutia,
kengele ndogo kuliko punje ya mtama.

Karakana ilikuwa nyuma ya stesheni ya Warabi,
ghorofa ya pili, juu ya muuza tofu.
Mama alikaa pale miaka sita,
binti wa miaka kumi na saba aliyetoka Akita,
chuma cha kulehemu kulia, kibano kushoto,
akibandika mabomba membamba kama singa za farasi
kwenye treni za nchi asiyoijua.
Mshahara wake wa mwaka ndio bei niliyolipa.
Zikiisha zilifungwa, zikapelekwa Yokohama, zikapakiwa melini.
Mfinyanzi hulia gaeni, husemwa;
kwetu hata gae halikufika.

Leo nimemtandikia taulo mezani.
Amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.
Amepindua behewa la makaa, amelinusa,
amepitisha ukucha pale boila inapokutana na kibanda cha dereva.
Mimi kamera tayari mkononi.
"Si yangu," akasema.
"Hii ya Tatsuko. Tazama lehemu ilivyofura.
Alikuwa na haraka siku zote, ana mchumba Omiya.
Yangu ingelala bapa kama maji."
Na baada ya kitambo:
"Labda hii ngazi... Hapana. Nayo yake."

Nikaiweka kamera kabatini.

Reli nimezitandaza duara juu ya tatami.
Volti tatu, nne: inanguruma papo hapo, haiendi.
Mpira uungao mota na giya umekuwa mgumu kama ukucha;
nikakata kipande cha bomba la tangi la samaki, nikabadili.
Ikaenda nusu duara.
Kwenye kona, cheche ya buluu, tii, ikafa.
Shaba ina ubaya huo: mwili mzima ni waya,
kiatu cha breki kikiegemea gurudumu tu, shoti.

"Lete tupa," akasema Mama. "Ile nyembamba."
Mkono huu humwaga supu kila asubuhi.
Kwenye tupa haukutikisika.
Mara tatu, kwii, kwii, kwii,
huku akimgombeza Tatsuko chini kwa chini
kana kwamba yuko benchi la pili, na dirisha liko wazi.

Ikaondoka polepole,
ikapita kando ya hita, ikapita chini ya meza,
fito zikipanda na kushuka
kama viwiko vya mtu anayekanda unga.
Mama akavuta mguu kuipisha.
Mizunguko saba hakusema kitu.

"Kumbe ndivyo zinavyokwenda."

Miaka sita, treni asizoweza kuzihesabu,
na majaribio yalifanyiwa chumba cha wanaume,
mlango umefungwa.

"Nilidhani fito za pande mbili hupanda pamoja," akasema,
"kulia na kushoto. Kumbe moja hutangulia."
Akainama, shavu karibu liguse tatami.
"Punguza umeme. Punguza tena."

Nikapunguza.
Soba zikavimba jikoni, hakuna aliyezikumbuka.