Pengo

Alikuja Jumanne na keki ya tufaha,
bado ya moto, ndani ya kitambaa cha jikoni,
akaiweka mezani kwangu kando ya mihuri.
"Leo," akasema, "nimekuja kumaliza."

Bi Wietske Hoogland wa Naaldwijk,
hekta mbili za pilipili hoho chini ya vioo.
Manispaa imenunua shamba lake la nyuma, inapitisha barabara,
na fedha zimeingia zote, asubuhi ileile.
Mkopo uliobaki: yuro laki nne na elfu kumi na mbili.
Alikuwa ameuandika kwa kalamu ya risasi
nyuma ya bahasha ya mbegu
na kuupigia mstari, kisha mstari tena,
kama mtu anayefunga mlango na kukijaribu kitasa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na tai ya kaka yangu.
Nyumbani nililelewa kwa neno moja:
dawa ya deni ni kulipa.
Hakuna aliyeniambia kwamba dawa nayo ina bei,
na muuzaji ni yuleyule aliyekuambukiza.

Nikafungua mkataba, ukurasa wa kumi na nne.
Riba mliifunga miaka kumi, Bi Hoogland,
asilimia tano nukta tisa.
Leo sokoni ni mbili nukta nne.
Ukiturudishia fedha leo
tutazikopesha kwa watu wa leo, kwa bei ya leo,
na pengo linalobaki, miaka minne na miezi saba,
pengo hilo ni lako.

"Pengo," akasema.
Akaligeuza neno kwa ulimi, taratibu.
"Kwa hiyo mimi ndiye ninayewang'oa ninyi jino?"
Nikasema, kwa namna fulani, ndiyo.
"Na nikichelewa kulipa?"
Faini.
"Na nikiwahi?"
Sikujibu. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta:
elfu sitini na mbili, mia tatu na arobaini,
na mia nane na hamsini za makaratasi.

Akavaa miwani. Akaivua.
"Riba ingekuwa imepanda,
mngenilipa mimi hilo pengo?"
Ukurasa wa kumi na tano, aya ya pili.
Hapana.

Nilikuwa na njia nyingine.
Nilikuwa nimekesha nayo usiku, bila kuombwa na mtu:
sehemu ya kumi ya mkopo kila Januari, hiyo haina ada,
na fedha nyingine zikae akibani
zikiokota vijisenti vyake.
Ingemwokolea elfu saba, pengine nane.
Nilizungumza haraka. Nilichora jedwali.
Niliipenda hesabu ile kuliko nilivyopaswa,
maana ndicho kitu pekee mezani
ambacho sikuagizwa kukisema.

Alinisikiliza hadi mwisho.
Kisha akaweka kidole kwenye sahihi ya mumewe,
wino wa kijani, herufi G kubwa kama ndoana.
"Gerbrand alisaini hapa, akaniachia nafasi pembeni.
Tangu siku ile tumelala watatu kitanda kimoja.
Yeye aliondoka mapema," akasema,
"na hakuna aliyemtoza."

Mashine ya kuchapa ikawaka yenyewe, ikazima.

"Nalipa yote. Na hilo jino lenu.
Nataka kusikia kitanda kikiwa kitupu."

Nikagonga muhuri sehemu saba.
Akaomba kisu, nikampa cha kufungulia barua,
akakata keki, akanipa kipande kikubwa
na kusubiri nikimalize, kama tunavyosubiri risiti.

Mwezi uliofuata mfumo wetu, bila kumuuliza yeyote,
ulimtumia barua yenye nembo ya rangi mbili:
Mteja mpendwa, kwa rekodi yako njema
unastahili mkopo mpya, kwa masharti nafuu.
Ilirudi kwa posta kabla ya Ijumaa.
Juu yake, kwa kalamu ya risasi:

Nimejibu mapema.
Nadaiwa kiasi gani?