Dakika ya Sitini na Saba

Baba, Twalib Mbwana, alitangaza mpira miaka thelathini na mmoja.
Majengo nzima ilimjua kwa sauti;
mimi nilimjua kwa kikohozi
na harufu ya tangawizi kwenye chupa ya chai.

Maneno aliyamaliza uwanjani.
Nyumbani alinyoosha kidole: chumvi.
Kidole: zima taa.

Jumapili usiku aliandikia gazeti,
ameinamia meza ya cherehani ya mama,
akifuta "hodari", akiweka "mvumilivu",
akirudisha "hodari".

Siku niliyozaliwa, Tononoka, mvua,
kikaratasi kilipenyezwa dirishani mwa kibanda.
Winga keshampita beki wa pili.
Baba akanyamaza.
Redio zote za Mombasa zikabaki na mvumo wa watu.
Fundi akagonga mitambo,
wauza mahamri wakapiga betri makofi.

Aliporudi hewani, bao lilishaingia.
Nani kafunga? Hakusema. Hakuona.

Winga yule sasa ana duka la vipuri, Mwembe Tayari.
Kila nikienda kununua plagi hunikumbusha:
"Bao langu lile, babako hakulitangaza."
Kisha hunipunguzia shilingi ishirini.