Mwandiko Mzuri

Kwa sababu naandika vizuri,
kwa sababu mwalimu aliwahi kunisifu mbele ya watu,
Katibu Shaame aliniita kwake, fleti za Mtemani, chini kabisa,
akanipa karatasi ya manila na makapeni nyekundu:
"Herufi kubwa, mwanangu. Zionekane tangu barabarani."

WASIOLIPA PAMPU YA MAJI

Kila jina nikalipigia mstari kwa rula.
Chumu Kombo, dari ya kwanza, elfu tatu.
Marehemu Hamad Mbwana, elfu kumi na mbili
(niliuliza; akasema deni halizikwi).
Kazija Faki, dari ya tatu, elfu nane.
K yangu ilitoka na mkia, ikapendeza.
Tukaibandika kwa uji wa ngano penye ngazi,
pale ambapo hwendi kwako bila kupapita.

Asubuhi watoto waliisoma kwa sauti, kama juzuu.
Mdogo wangu, aliyeshindwa na kitabu mwaka mzima,
alisoma Ka-zi-ja bila kukosea.
Kufika adhuhuri Bi Kazija hakuwa tena Bi Kazija.
Elfu Nane kashuka.
Elfu Nane kanunua dagaa, pesa kazitoa wapi?

Akawa hashuki ila baada ya isha,
ndoo mkononi, akizipapasa ngazi kwa unyayo,
maana taa ilikufa tangu Rajabu
na maji anayodaiwa
hayajapanda dari ya tatu hata siku moja.
Yanafika ya pili, yanakohoa, yanarudi.
Hilo sikuambiwa niliandike.

Mfunguo Tatu nikaitwa tena.
Katibu anasoma, mimi naandika,
mara akasita, akatazama dirishani:
"Na Massoud Khatibu. Elfu sita."

Baba yangu.

Nilifikiri kukosea.
Nikiiacha h ile moja
Khatibu angekuwa Katibu,
na mdaiwa angekaa kwenye kiti cha mdai.
Lakini mkono ulishazoea kusifiwa.
Jina lilitoka zuri kuliko yote.

"Kanawe wino jikoni," akasema mkewe.
Na jikoni, juu ya kabati, mabakuli matatu
yamefudikizwa, na kwenye kitako cha kila moja
nukta ya rangi ya kucha, zambarau.
Jengo zima tunaijua nukta ile ni ya nani.
Yalishuka Ramadhani, yana tambi, yana muhogo wa nazi,
yamefunikwa kwa kitambaa cha kufuma.
Bakuli halirudi tupu, ndivyo tulivyolelewa,
basi yamekaa yakingoja cha kutiwa
miezi mitatu sasa,
wala hapana karatasi iliyobandikwa.

Nikafungua bomba. Kwao maji yanatoka kwa nguvu.
Nikalijaza moja mpaka ukingoni,
nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikapanda.
Dari ya kwanza yakanimwagikia mkono.
Ya pili, kanzu.
Ya tatu yalibaki nusu.

Bi Kazija alilipokea kwa mikono miwili.
Akaliinua, akachungulia chini, akaiona nukta yake.
Akaviona vidole vyangu vyekundu.
Hakuniuliza nani kanituma.
Aliyamimina maji kwenye ndoo, taratibu, hata tone lisipotee,
akalifuta bakuli kwa upindo wa kanga.

"Na yale mawili?" akasema.