Kipimo cha Theluji

Kesho saa nne anakuja Bi. Wisniewski,
mwalimu mstaafu, atakunywa chai yangu,
atapekua faili langu, kisha atie sahihi
kwamba wanangu wamesonga mbele.

Usiku huu Erie imelala, ziwa linakoroma,
nami niko mezani na gundi na mkasi, najiuliza:
kusonga mbele hubandikwaje kwenye karatasi?

Siku mia moja na themanini. Nimezihesabu.
Sikuongeza hata moja.
Naam, niliongeza mbili:
ile ya homa, tulipotazama katuni kutwa,
na ile niliyorudi kutoka kiwanda cha plastiki
nikapitiwa na usingizi, kitabu usoni,
wakanifunika blanketi, wakasoma kimyakimya.
Hiyo ya pili naona inastahili.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye
hufunzwa na ulimwengu. Hawakusema
afunzwaye na babaye, tena baba wa zamu ya usiku,
hupimwa kwa mizani gani.

Mimi nilipimwa kwa sauti.
Kule Baraka, siku ya kufunga shule,
mkurugenzi alitupanga uwanjani, akasoma majina
kuanzia wa kwanza. Makofi yakapungua
kadiri orodha ilivyoshuka.
Nilikuwa wa thelathini na nane.
Mama aliinuka kwenye thelathini,
akasema jua ni kali.

Basi nambari sina, Bi. Wisniewski. Nina hiki:
karatasi ya miraba ya Etabo. Tangu Novemba
kila asubuhi alichomeka rula uani.
Inchi mbili. Inchi sita.
Siku ya inchi thelathini na moja rula ilizama yote,
akaenda kuleta mpini wa ufagio,
akautia alama kwa kalamu, moja moja.
Hilo sikumfundisha.
Mstari unapanda, unapanda,
halafu Machi unaporomoka hadi sifuri.
Nikamuuliza: theluji imeshindwa?
Akanitazama kwa huruma, kama mtu amtazamavyo mgonjwa:
"Baba, imeingia ardhini."

Nikazikumbuka zile sehemu,
nusu na robo na thumni, Januari alizijua barabara,
Februari zikayeyuka zote,
na jinsi nilivyopandisha sauti
hadi jiko letu likawa uwanja
na mimi mkurugenzi.

Nyassa, miaka sita, kaleta jino.
Limebandikwa ukurasa wa tisa. Chini yake kaandika
mwenyewe, J imegeukia kwingine: JINO LANGU.
Sikusahihisha.
Septemba jino alikuwa nalo, herufi hakuwa nazo.

Saa nne. Amevua viatu mlangoni, hakuambiwa.
Anafunua, anafunua, anafika kwenye theluji,
anakawia hapo, kidole kikipanda na mstari.
Kisha anamgeukia Etabo:
saba mara nane?

Moyo wangu unaruka. Hilo ndilo tundu
nililolifunika kwa gundi usiku kucha.
"Hamsini na..." Macho yake yako darini.
"Ngoja."

Nafungua mdomo nimsaidie.
Bi. Wisniewski ananiinulia kidole,
taratibu, bila hata kuniangalia.

Chai inapoa.
Anangoja.