Nyota Mbili na Nusu

Mhariri anataka maneno mia tatu kabla ya saa nne,
na nyota, zisizidi tano hata mbingu zikifunguka.
Niko Łódź, mji ambao jina lake maana yake ni mashua
na bahari haijawahi kuuona,
naandika juu ya tamthilia ya Kinorwe, sehemu nane,
ambayo jirani yangu angeimaliza kusimulia
kabla birika halijachemka.

Jaji anagundua mwanawe ndiye aliyemgonga mwendesha baiskeli.
Anagundua sehemu ya kwanza. Sisi tuligundua kwenye tangazo.
Sehemu saba zilizobaki anatazama dirishani,
na mvua inafanya kazi ambayo mwandishi ameikimbia.

Mwaka juzi, msimu wa kwanza, niliwapa nne.
Nilisema watu hawa wanajua kunyamaza.
Mgema akasikia.
Sasa jaji ananyamaza hata akiulizwa ni saa ngapi.

Baba amejilaza kwenye kochi, blanketi la kijani,
vidonge vyake kwenye kisahani cha kikombe.
Miaka thelathini na mmoja alikula kwa koo lake.
Filamu zikija na lugha za watu,
yeye aliketi kwenye kijumba kisicho na hewa, miwani puani,
akawasomea wote kwa Kipolandi:
bibi harusi, padri, jambazi na mama wa jambazi
(farasi angekuwa na maneno, naye angesomewa),
kwa sauti moja, iliyonyooka kama imepigwa pasi,
huku nyuma yake wenyewe wakilia kwa lugha zao,
kwa mbali, kama ugomvi wa ghorofa ya juu.
"Nakupenda." "Weka bastola chini." "Supu imepoa."
Uzito uleule.
Chumvi kila nyumba ilijitilia.

Nilipokuwa na miaka sita niliamini
kila anayekufa huko nje anaazima koo la baba yangu, kwa zamu,
na ndiyo maana akirudi nyumbani hana neno.
Alivua viatu. Alikula. Alinikuna kichwa, akalala.

Leo, sehemu ya sita, maandishi yanapita chini ya kioo
na kutoka kwenye kochi naisikia:
imekwaruzika, lakini ndiyo yenyewe,
nusu sekunde nyuma ya midomo, kama kazi inavyotaka.
Anamsoma mke wa jaji. Anamsoma wakili.
Anamsoma mtoto wa kike anayeomba pesa ya basi.
Naacha kuandika. Kwa mara ya kwanza tamthilia hii
ina mtu ndani yake.

Kisha dirisha. Jaji, kisogo, mvua.
Chini ya kioo hakuna hata herufi.
Baba hanyamazi.
"Nilijua," anasoma. "Nilikusikia ukiliosha gari usiku.
Nikageukia ukutani."
Anameza mate. "Ningeshuka. Ningekushikia taa."

Narudisha nyuma. Dirisha, kisogo, mvua.
Narudisha tena. Hakuna aliyeandika hayo, si Oslo, si popote.
Baba amefumba macho, na vidole vyake
vinatafuta ukurasa unaofuata juu ya blanketi.
Sikumuuliza anamsemea nani.
Nilimletea maji. Alikunywa nusu, akasema yana ladha ya bomba.

Saa tatu na dakika hamsini.
Naandika: mwendo wa kobe, kobe mwenyewe hajulikani aendako.
Naandika: taa nzuri, makoti mazuri, muziki unaotuambia tulie wapi.
Nafuta sentensi moja kuhusu ukimya. Nairudisha. Naifuta.
Natuma nyota mbili na nusu.

Simu inalia. Ni Wacław wa meza ya utamaduni:
"Bogna, tangu lini tuna nusu? Mpanga kurasa hana nusu.
Ama mbili ama tatu, nani amekupa nusu?"
Baba ameanza kukoroma,
kwa sauti moja, bila kupanda, bila kushuka.
Namwambia Wacław aikate kwa mkasi.