Vyeti Viwili Mezani

Mwisho wa Juni, Łódź. Dirisha li wazi,
tramu inakwaruza reli huko chini,
nami nimevitandaza vyeti vya mapacha wangu
kando ya bakuli la cheri.

Bogumił: Kipolandi, sita. Hisabati, tano.
Jagna: Kipolandi, tatu. Hisabati, nne.
Kwetu sita ndiyo kilele.

Nasoma tena. Tano ni kubwa kuliko nne,
hata mimi mshona mapazia najua.
Lakini muulize Bogumił, atakwambia,
"Mama, hesabu hazinipendi,"
na penseli ataitupa kama imemuunguza.
Muulize Jagna, atavuta kiti:
"Mimi? Mimi ni mtu wa hesabu."

Basi nani kawapimia, na kwa kibaba kipi?
Si mwalimu. Si jirani Halszka na mwanawe bingwa.
Kila mmoja kajipima kwa shibiri yake mwenyewe:
sita ya huyu imeifunika tano,
tatu ya yule imeiwashia nne taa.

Jana Bogumił alinisaidia kukata kitambaa,
dirisha la mita tatu, mikunjo ishirini na minne,
upindo juu na chini.
Alitoa jibu kabla sijaishika futikamba.
Nikamwambia, "Umeona?"
Akasema, "Hiyo si hisabati, Mama.
Hayo ni mapazia."

Nikala cheri moja.
Kokwa bado ninalo mdomoni,
sijui nilitemee wapi.